Ufa Usiozibwa

Kwetu Bytom, mji wa Poland, mtu akimwona msafisha dohani barabarani hushika kifungo cha koti lake na kuomba heri. Wazee hushika, wanafunzi hushika, hata daktari wa hospitali hushika, na kusoma kwake kote hakujamwondolea tabia hiyo. Hubert Szendera alishikiwa vifungo kwa miaka thelathini na sita, na kama heri ingekuwa na uzito, mgongo wake ungekwisha kuvunjika. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye masizi yasiyotoka kwenye mikunjo ya shingo. Watu wakishika vifungo, yeye aliinua kofia yake na kutabasamu. Tabasamu hilo lilikuwa sehemu ya sare tu. Chini yake, kwa miaka minane, palikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata padri.

Watu hudhani kazi yake ni kupanda paani na brashi. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu rahisi. Nusu nyingine ni hewa. Boila la gesi, lile linaloning'inia bafuni likitupa maji ya moto na joto la nyumba nzima, lina pumzi kama mtu. Linavuta hewa ya chumbani ili moto uwake, na linatoa moshi kupitia dohani. Ukiunyima moto ule hewa, hautazimika kwa adabu. Utaendelea kuwaka ovyo ovyo na kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi wa moja kwa moja. Ndiyo maana Hubert alitembea na daftari la mirabaraba, akiwachorea watu nyumba zao: hewa iingilie hapa, mlango wa bafu utobolewe matundu pale chini, moshi utokee kule.

Watu waliyachukia matundu yale kuliko kodi.

"Bwana Szendera, mimi nawasha gesi nipashe nyumba joto au nipashe uwanja?" Hilo alilisikia kila juma.

Wakamwitikia ndiyo, na akishafika ngazini wakaziba. Walizibia magazeti, walizibia soksi, na mjane mmoja alikuwa anahifadhi soseji humo kwa sababu palikuwa na baridi kuliko friji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini wahenga hawakuwa na boila.

Sasa kuna tabia moja ya kwetu, na hiyo ndiyo iliyomponza Hubert. Msafisha dohani hubandika tangazo mlangoni mwa jengo wiki nzima kabla ya ukaguzi. Mama wa nyumba akilisoma tu, hana raha tena. Siku yenyewe anapiga deki tangu alfajiri, anatandika magazeti sakafuni kwa ajili ya buti za mgeni, anafungua madirisha nyumba ipate hewa safi, anazima redio na anazima feni ya jikoni ili waweze kusikilizana. Kisha anaweka kahawa kwenye glasi na kipande cha keki. Hubert anaingia, anashika mshumaa karibu na boila, na moshi wa mshumaa unapanda dohani kama umeitwa jina. Anatia sahihi. Anakunywa kahawa. Kumbe amekagua nyumba iliyovaa nguo za kanisani. Ile ya Jumamosi, iliyofungwa kote, sufuria nne zikichemka na feni ikinguruma, hajawahi kuiona.

Mama yake mzazi, Gertruda, alikuwa hodari wa tabia hiyo kuliko wote. Mwanawe akija kumkagua, alifungua hadi dirisha la ghalani. Dada yake Hubert, Eryka, alikuwa Ujerumani, Essen, akiwatunza wazee wa watu, na sikukuu moja ya mtakatifu somo wa mama, siku ambayo kwetu watu hupeana zawadi, akamtumia feni kubwa ya jikoni, ya chuma kinachong'aa, ya kufyonza mvuke na harufu ya vyakula. Mama aliionyesha kwa majirani wote kama bibi harusi. Hubert mwenyewe ndiye aliyeifunga, na bomba lake akaliingiza kwenye tundu la hewa la jikoni. Alijua kanuni. Feni yenye nguvu na boila linalovuta hewa ya chumbani havikai nyumba moja, kwa kuwa feni ikikosa hewa ya kutosha huichota popote ipatikanapo, hata dohanini, na moshi uliokuwa unapanda ukageuka kushuka. Lakini madirisha ya mama yalikuwa ya mbao, mabovu, yanapitisha upepo kama kikapu. Alijiambia hewa itaingia tu. Wakati huo hakujua kwamba kila baada ya ukaguzi mama aliyabandika gundi na pamba pembeni, yote, dhidi ya baridi. Siku ya ukaguzi yalikuwa wazi, nani angejua habari ya pamba?

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa saba mchana. Alipita kula. Alikuta mlango haukufungwa kwa ufunguo, feni inanguruma, sufuria imeungua, na mama yuko ndani ya maji ya kuoga, mashavu yake mekundu kama ya binti aliyetoka kucheza kwenye theluji. Maiti ya aliyekufa kwa moyo haiwi na mashavu ya namna hiyo. Hubert alikwisha kuiona rangi ile, rangi ya hewa ya sumu, kwenye nyumba za watu mara tatu. Alifungua madirisha akivunja gundi kwa mikono. Akazima boila. Akazima feni. Ndipo akapiga simu. Daktari alipofika nyumba ilikuwa baridi na safi, na bibi alikuwa na miaka sabini na sita. Daktari akaandika moyo. Hubert alisimama pembeni akiangalia kalamu ikienda, na hakusema neno.

Baada ya maziko aliing'oa feni, akaipeleka jalalani, akamwambia Eryka kwamba ilikuwa imeungua. Eryka alilia kwenye simu. Hubert alijiambia anamhurumia. Angemwambiaje dada wa watu kwamba zawadi yake ndiyo iliyogeuza moshi? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na lilikuwa jambo zuri kujiambia, kwa kuwa lilimwezesha kutokutaja sahihi iliyokuwa chini ya ile karatasi ya ukaguzi. Ilikuwa ni yake.

Miaka minane ikapita. Nyumba ikapangishwa, wapangaji wakaja na kuondoka. Mwaka huu, Septemba, Eryka akastaafu, akarudi na masanduku manane na lafudhi ya Essen, akaingia nyumba ya mama. Alikuwa na miaka sitini na saba, mkubwa kwa Hubert kwa miaka minne, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa. Ndani ya miezi miwili alibadilisha madirisha yote akaweka ya plastiki, yasiyopitisha hata mluzi. Kisha, juu ya jiko, mahali pale pale, akafunga feni mpya.

"Kubwa kuliko ile uliyoitupa," alimwambia Hubert. Hakuwa amesahau. "Nimekaa miaka ishirini nanukia supu za wazee wa Kijerumani. Nyumbani kwangu sitaki kunuka kitu."

Hubert aliposikia ile ngurumo, aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Dada, hiyo haiwezekani na boila lile."

"Inawezekana vizuri sana. Si unaona inafanya kazi?"

"Itavuta moshi wa boila urudi ndani."

"We Hubi, tangu utoto wako hupendi zawadi zangu. Nilikuletea viatu vya kutelezea barafuni ukasema vinabana. Nikamletea mama feni, ukaitupa mwili wake haujapoa!"

Walibishana siku tatu. Hubert alichora kwenye daftari nyumba ile mara saba. Dawa ya kweli alikuwa nayo: boila la aina nyingine, lililofungwa kabisa, lenye bomba ndani ya bomba, moja linavuta hewa kutoka nje na jingine linatoa moshi, wala halina habari na hewa ya chumbani. Lakini hilo lilihitaji kibali cha mwenye jengo, na mwenye jengo alisema tuongee baada ya Pasaka. Dawa ya pili ilikuwa kuichomoa feni.

"Iguse uone," alisema Eryka. "Nitakukata mkono huo na masizi yake."

Mkaguzi mwingine angeandika barua moja tu, na gesi ingefungwa. Hubert aliianza barua hiyo mara mbili. Nje ilikuwa nyuzi kumi na moja chini ya sufuri, na nyumba ile haikuwa na joto jingine. Zaidi ya hapo, barua ingetaka sababu, sababu ingeleta maswali, na maswali alikuwa akiyaogopa. Basi akafanya lile ambalo waoga hulifanya, akatafuta njia ya katikati. Alitoboa ukuta wa jikoni chini ya dirisha tundu la upana wa sahani ya kula, akalifunika kwa wavu, akatoboa matundu mlangoni mwa bafu, akafunga madirisha yote, akawasha boila, akawasha feni hadi mwisho. Alishika mshumaa. Moshi wa mshumaa ulisitasita, ukayumba, kisha ukapanda.

"Inatosha," alisema. "Inatosha kidogo tu. Dada, nakuomba kwa kaburi la mama, usilizibe hilo."

"Upepo unanila vifundo vya miguu!"

"Ukule."

"Haya, haya. Panya wa dohani we."

Mwanzoni mwa Desemba Eryka alianza kuumwa kichwa. Alimweleza Hubert kwenye simu kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kichwa, kichefuchefu, na moyo unadunda. Zaidi Jumamosi. Alikwenda kwa daktari.

"Nimemwambia mama yangu alikufa kwa moyo," alisema. "Akasema basi tuanzie huko. Amenipa vidonge. Ni moyo wa mama huu, Hubi, nimeurithi. Nawe ukapimwe."

Hubert alikuwa paani kwenye jengo la mtaa wa pili, simu mkononi, miguu kila upande wa tuta la paa. Alikaa hapo hapo. Kumbe uongo wake haukuwa umelala pale alipouacha. Ulikuwa umetembea miaka minane, umeingia kwa daktari, umeandikiwa dawa. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema. Yeye alikuwa ameficha maradhi ya mtu mwingine, na kilio kingekuwa chake.

Ilikuwa Jumamosi. Alishuka bila kumaliza kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akafanya jingine ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akaenda kwenye nyumba ya mtu bila taarifa.

Kutoka uwanjani aliona madirisha ya ghorofa ya pili yakitiririka mvuke kwa ndani. Ngazini aliisikia feni. Alikuwa na ufunguo wa zamani. Eryka alikuwa jikoni na aproni, mashavu mekundu, mkono mmoja umeshika meza. Nyama ilikuwa kwenye moto, kabichi nyekundu kwenye moto, na ubaoni madonge ya viazi yamepangwa mistari, kila moja na kishimo chake katikati kama alivyokuwa akiyafinya mama. Bafuni maji ya moto yalikuwa yanajaa. Alikuwa anakwenda kuoga.

Hubert hakusalimia. Alizima feni, akazima boila, akafungua dirisha la jikoni hadi mwisho, na baridi ikaingia kwa kishindo.

"Una wazimu? Madonge yangu!"

Alipiga magoti chini ya dirisha, akachomoa wavu. Ndani ya tundu palikuwa na mto. Mto mdogo wa mviringo, wa kitambaa cheupe cha godoro la mama, umeshonwa kwa mshono mdogo mdogo, umejazwa manyoya laini ya bata bukini, umeingia sawasawa kama kizibo cha chupa. Ulikuwa hata na kitanzi cha kuuchomolea. Kazi safi kabisa. Kila siku ya ukaguzi angeuchomoa kwa kidole kimoja, akauficha kabatini, akatenga kahawa.

"Niliushona vizuri," alisema Eryka, sasa kwa sauti ndogo. "Si tambara. Nilipima."

"Keti, dada."

"Usiniamrishe kwenye nyumba ya—"

"Keti, Eryka! Mama hakufa kwa moyo."

Eryka aliketi. Upepo ulipeperusha kona ya kitambaa cha meza, na hakuna aliyekirudisha.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa mwekundu kama ulivyo wewe sasa hivi. Madirisha alikuwa ameyabandika pamba. Feni ilikuwa inanguruma. Moshi wa boila ulikuwa unashuka, Eryka, ulikuwa unashukia bafuni, na yeye yumo ndani ya maji. Niliizima feni kwa mkono wangu huu kabla daktari hajafika."

"Feni," alisema Eryka. "Feni yangu."

"Mimi niliifunga. Nilikagua nyumba Oktoba, nikatia sahihi kwamba ni salama. Alinifungulia madirisha, nikanywa kahawa, nikatia sahihi. Sahihi yangu, si feni yako."

Eryka aliangalia tundu lililo wazi chini ya dirisha. Hubert angependa apige kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele.

"Miaka minane," alisema. "Miaka minane nawasha mishumaa kwa ajili ya moyo wake. Nilikuwa nikijiuliza, je, ningekuwepo, ningemwona akichoka, ningempeleka kwa daktari? Nilijilaumu kwa moyo, Hubi. Na wewe unajua."

"Sikutaka ubebe—"

"Mimi? Ulinificha mimi?" Alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kusikia. "Ulijificha wewe. Mimi umenipa vidonge tu."

Alisimama, akashika meza, akaelekeza kidole mlangoni.

"Kwanza utoke kwenye hewa hii, uje kwangu," alisema Hubert. "Upimwe damu hospitali. Uniambie lolote, lakini—"

"Nitakwenda mwenyewe. Nina miguu. Ondoka."

"Boila usiliwashe mpaka—"

"Ondoka, Hubert."

Hakuwahi kumwita Hubert tangu alipobatizwa. Alishuka ngazi akiwa na ule mto mkononi, bila kujua kwamba ameuchukua. Huko nje kijana mmoja aliona sare nyeusi, akashika kifungo. Kwa mara ya kwanza Hubert hakuinua kofia.

Zilifuata siku tano mbaya. Eryka alikwenda hospitali. Hilo alilijua kwa jirani wa chini, Bi Pelagia, aliyejua kila kitu isipokuwa sababu. Walimweka siku mbili na kumpa oksijeni kwa barakoa. Simu za Hubert hakuzipokea. Siku ya tatu Hubert alimwandikia mwenye jengo barua ile aliyoianza mara mbili, akaimaliza. Aliandika kuhusu boila, kuhusu feni, na chini yake akaandika kuhusu mwezi wa Februari wa miaka minane iliyopita, tarehe, saa, na jina lake kamili. Nakala aliipeleka kwa chama cha wasafisha dohani. Watamfanya watakachomfanya. Moyo wake haukuwa mwepesi baada ya hapo, kama vitabu vinavyodai. Ulikuwa na hofu ile ile, ila sasa hofu ilikuwa na anwani.

Lakini hofu kubwa ilikuwa nyingine, nayo ndiyo iliyomtoa nje asubuhi na jioni kupita uwanja wa jengo lile kama mwizi. Mto alikuwa nao yeye. Je, ameshona mwingine? Mwanamke mwenye hasira na baridi anaweza kushona mto kwa saa moja. Barua ingeweza kulala ofisini hadi baada ya sikukuu. Kabla ya hapo, kati ya dada yake na kifo palikuwa na tundu moja la upana wa sahani, na mwenye tundu alikuwa hataki kumsikia aliyelitoboa.

Mkesha wa Krismasi, giza likianza kuingia, alisimama uwanjani akiangalia juu. Kwetu siku hiyo watu hungoja nyota ya kwanza ndipo wale, na kila meza huwekewa sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Miaka yote husemwa hivyo, na miaka yote sahani hiyo huondolewa safi. Wavu hakuweza kuuona vizuri. Madirisha yalikuwa makavu, lakini madirisha makavu yanaweza kumaanisha mambo mengi. Akapanda. Alikuwa amejiambia ataishia ngazini, asikilize tu.

Ghorofa ya kwanza alisimama. Samaki. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imejaa ngazi nzima, nzito, ya mafuta na vitunguu, harufu ya kushika nguo kwa wiki mbili. Hapakuwa na ngurumo yoyote. Eryka, asiyetaka kunuka kitu, alikuwa anakaanga samaki bila feni. Hubert alishika ukingo wa ngazi na kulia kama mtoto, hapo hapo mbele ya mlango wa Bi Pelagia, na sina haja ya kumpamba.

Mlango wa juu ulifunguliwa.

"Nasikia buti," ilisema sauti ya Eryka. "Masizi yatamaliza ngazi. Panda au shuka."

Alipanda. Jikoni feni ilikuwa bado ukutani, inang'aa, na waya wake ulikuwa umekatwa. Haukuchomolewa. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi wa jikoni, vipande vitatu, na mkasi ulikuwa bado juu ya friji. Kwenye meza palikuwa na sahani mbili, ya Eryka na ya mgeni. Ya Hubert, ile yenye ufa ambayo amekuwa akilia chakula tangu utotoni, haikuwepo.

Eryka alichukua ule mkate mwembamba wa mkesha ambao watu huumega pamoja na kutakiana mema, akamnyooshea. Hubert alimega. Eryka akamega kwa upande wake kipande kidogo kama ukucha. Siku hiyo mtu analazimika kusema neno, hata kwa adui.

"Nakuombea afya," alisema. "Mengine bado."

"Nimeandika barua, dada. Nimesema yote."

"Najua. Mwenye jengo amenipigia. Anakuja na boila lingine baada ya mwaka mpya, ameogopa." Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Sikukualika."

"Najua."

"Basi kaa hapo." Alionyesha sahani ya mgeni, upande wa dirisha.

Hubert aliketi, na mara hiyo hiyo akaelewa. Nyuma ya mgongo wake, chini kidogo, wavu ulikuwa wazi. Hewa ya Desemba ilimpiga kiunoni, ikapanda chini ya koti hadi shingoni. Huko bafuni, kupitia matundu ya mlango, alisikia moto wa boila ukiwaka taratibu, ukivuta pumzi.

Eryka alimpakulia samaki, kipande cha mkia, akakaa mkabala naye na kumtazama.

"Unasikia baridi?"

"Nasikia."

"Vizuri," alisema. "Kula."